Ngozi ya Korosho

Kobe alipotoka kuogeshwa, chuma chake kiling'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta. Alikuwa mashine ya miguu sita, mwenye chumba cha mtu mmoja tumboni, na kazi yake ilikuwa kutembea ndani ya matangi ya asidi ya moto iliyoyeyusha mawe ya nikeli pale Lindi Mpya. Akili mnemba iliongoza miguu, ila kuziba ufa kulihitaji jicho la mtu. Asidi ile ingekitafuna chuma kitupu kama mchwa atafunavyo boriti. Kobe alinusurika kwa sababu ya kizuiakutu alichoogeshwa, maji mazito yaliyokamuliwa kutoka maganda ya korosho.

Dakta Somoe Likwachala ndiye aliyekibuni. Kila chembe ya kizuiakutu, aliwaambia wageni, ina kichwa na mkia. Kichwa hung'ang'ania chuma, mkia huisukuma asidi nje. Chembe zikikaa bega kwa bega, chuma hupata ngozi. Lakini joto likipita nyuzi sitini, chembe huachia na ngozi huchanika. Aliyeambiwa hayo mara nyingi kuliko wote ni Injinia Mkuu, Ngonyani.

Ngonyani alitaka nikeli ya haraka. Akapandisha joto, na skrini akaiamuru iendelee kuonyesha hamsini na tano. Siku hiyo aliyekuwa tumboni mwa Kobe ni Mfaume, mdogo wake Somoe, na hakutoka mzima. Tume ikaja, ikanywa chai, ikasema ni ajali. Somoe alijua ngozi haichaniki bila joto kuzidi, ila ushahidi hakuwa nao.

Sasa sikia ukavu wa macho wa mtu huyu. Ngonyani ni Mngoni, Somoe ni Mmwera, na makabila hayo ni watani. Msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu. Akaja, akavaa ovaroli ya marehemu, akatambaa uani akilia, "Nitoeni jamani, naiva huku!" Waombolezaji wakacheka hadi machozi. Somoe naye alicheka, maana mtani hakasirikiwi. Lakini alimchukia mtu yule kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote, na pale pale akaapa kumlipiza.

Mwaka ukapita. Siku ya kuzindua tangi jipya, jukwaa likiwa limefurika wageni, Somoe alitumbukiza kipimajoto chake mwenyewe. Nyuzi sabini na mbili! Ngonyani alikuwa amerudia mchezo wake ili wageni waone nikeli ikitoka chapuchapu. Mzamiaji wa zamu, mama mmoja aitwaye Bi Sharifa, alikuwa akifunga mikanda.

"Shuka, mwenzangu," Somoe alimwambia. "Leo huzami."

Angeweza kutangaza joto lile na mambo yakaishia hapo. Hakutangaza. Alichukua maikrofoni.

"Ndugu wageni, Wangoni ni hodari sana wa kutuma wenzao vitani! Leo nimemkamata mmoja. Injinia Ngonyani hatoki hapa mpaka aingie Kobe mwenyewe!"

Jukwaa likalipuka kwa vigelegele. Ngonyani alicheka, jasho likimchuruzika.

"Mtani, kitambi hiki kitapita mlangoni?"

"Kitapita. Au mkuki kwa nguruwe, mtani?"

Kumkimbia mtani mbele ya watu ni aibu, na kusema joto limezidi kulikuwa kujishtaki. Ngonyani akamwinamia sikioni. "Somoe, nakuomba. Punguza joto kwanza."

"Joto gani? Skrini inasema hamsini na tano."

Akaingia, akijipa moyo kwamba angevutwa upesi. Somoe mwenyewe alishika winchi, akamshusha hadi sakafuni mwa tangi. Haukupita muda, spika za jukwaani zikapaza sauti yake.

"Somoe! Chuma kinapasuka! Nitoe!"

Watu wakaangua kicheko.

"Sema kwanza nani alipandisha joto siku ya Mfaume," Somoe akajibu, moyo ukimdunda kwa furaha.

"Mimi! Ni mimi, na skrini niliidanganya mimi! Nimemuua Mfaume! Dada yangu, nitoe!"

Hayo ndiyo aliyoyangoja. Somoe akageuka kuzitazama nyuso za watu. Mgeni rasmi alikuwa amejishika mbavu. "Hawa watani hawa!" alisema, akifuta machozi.

"Anasema kweli!" Somoe akapiga kelele. "Jamani, huyu anasema kweli!"

Wakacheka zaidi. Mkono wake ulikuwa juu ya winchi, lakini hakuivuta. Alingoja kicheko kiishe, amuulize tena, watu wasikie vizuri. Kilipoisha, spika zilitoa mchemko wa asidi tu.

Ndipo akavuta kwa mikono miwili. Kobe akapanda, asidi ikimwagika kutoka tundu la tumboni, na jukwaani wakapiga makofi wakimngoja Injinia atoke. Ungamo alilolitafuta Somoe mwaka mzima lilikuwa limetolewa mbele ya mamia ya watu, na hapakuwa na hata mmoja aliyelisikia.