Mwano wa Kumtafuta Limi

Kila asubuhi Asteria alimshika mdogo wake Limi mkono, akambana vidole mpaka wamalize kupita kwenye maduara. Hayo yalikuwa mashimo ya dhahabu yaliyochimbwa na kuachwa na wachimbaji wadogo wa kijiji cha Mwabusongo, mkoani Geita. Machache yalikuwa yamezibwa kwa matawi ya miiba. Mengi yalikuwa wazi, na tangu mvua zianze, kingo zake zilikuwa zikimeguka na kutumbukia ndani. Mwaka uliopita ng'ombe wa jirani alizama humo mchana kweupe, watu wakabaki kusikiliza anavyolia mpaka akanyamaza.

"Usitazame chini, Limi. Tembea," Asteria alisema.

Limi alitembea. Alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na hakupenda makelele hata kidogo. Filimbi ikilia, au mashine ya kusagia mawe, ile wanayoiita karasha, ikianza kunguruma, aliziba masikio na kurudi kinyumenyume mpaka mgongo wake uguse kitu. Mbele ya watu hakusema neno. Nyumbani alizungumza na dada yake polepole, tena alikuwa na maneno matamu, lakini nani angeamini? Kusoma hakujua hata silabi moja. Majirani walisema amelogwa. Watoto walimwita zezeta. Mwalimu Sostenes, mwalimu wa darasa lake, alisema ni kiburi tu.

Na Asteria? Asteria alikuwa kiranja wa darasa la sita, msichana wa kusifiwa, na aliona aibu. Wakifika kwenye geti la shule aliuachia mkono wa Limi haraka, kana kwamba hawakutoka nyumba moja.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri, meusi, mazito, na hewa imesimama. Asteria alitumwa chaki ofisini. Alipopita dirishani kwa darasa la tatu, akamwona Limi amesimamishwa mbele ya ubao.

"Soma!" Mwalimu Sostenes alimwamuru.

Limi akatazama sakafu.

"Nasema soma! Unanidharau, siyo? Haya, darasa, mzomeeni mpaka aone haya!"

Wee! Darasa zima likalipuka. Wengine walizomea, wengine wakagonga madawati. Limi aliziba masikio, akarudi nyuma, akarudi tena, mgongo ukagusa mlango uliorudishiwa tu. Mlango ukafunguka. Akachomoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba.

"Mwacheni, atarudi mwenyewe," mwalimu alisema.

Asteria aliyaona yote. Angeweza kumfuata. Lakini wenzake wa darasa la sita walikuwa wamechungulia nje na wanacheka, naye akaogopa kuchekwa. Akajidanganya kwamba Limi amekwenda nyumbani, akapeleka chaki.

Mchana alipofika nyumbani, mama yao alikuwa ndiyo kwanza anatoka kupalilia pamba, jembe bado liko begani.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Hajafika?"

"Afike na nani, Asteria? Si mnatoka pamoja na kurudi pamoja?"

Mama hakungoja jibu. Alitupa jembe, akasimama katikati ya uwanja na kupiga mwano.

Mtoto yeyote wa Kisukuma anaujua mwano. Ni yowe la hatari. Ukipigwa, kila anayeusikia huacha kazi yake, akaupokea na kuupaza, yowe likaruka kutoka kaya hadi kaya mpaka kijiji kizima kitoke. Wala haunyamazishwi mpaka kilichopotea kirudi mikononi mwa mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyofanya babu zao, na umeokoa mifugo na watu wengi. Dakika chache tu, sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wamekusanyika na fimbo na filimbi zao. Mbele yao alikuwa kamanda wao, Mzee Mageni, mtu mrefu asiyependa kubishiwa.

"Pigeni filimbi! Pigeni madebe! Mtoto asikie kwamba tunamtafuta!" aliamuru.

Wakasambaa. Mwalimu Sostenes naye alikuja, jasho linamtiririka, akapokea debe na kulipiga kwa nguvu zote. Njiani karibu na maduara wakaokota kandambili moja ya Limi. Mama aliiona, akakaa chini palepale. "Mayu wane! Mama yangu wee! Mwanangu!"

Ndipo Asteria alipomwona. Limi alikuwa ng'ambo ya vichaka vya miiba, amejikunja, mikono masikioni. Nyuma yake, hatua chache tu, lilikuwa shimo kubwa kuliko yote. Watu nao walimwona, wakafurahi, na kwa furaha wakazidisha kelele.

"Limi! Njoo huku! Limi!"

Filimbi zikalia. Limi akarudi kinyumenyume.

Madebe yakapigwa. Akarudi tena. Udongo ukameguka nyuma ya kisigino chake, ukatumbukia, na mlio wa maji ukachelewa kusikika.

"Mbona anarudi nyuma? Mwiteni kwa nguvu, labda hasikii!" mtu mmoja alipiga kelele.

Asteria alielewa. Limi alikuwa anasikia kupita wote! Kijiji kizima, kwa mapenzi yake yote, kilikuwa kinamsukuma mtoto shimoni. Lakini mtoto gani anamnyamazisha kamanda wa sungusungu katikati ya mwano? Alikwenda kwa Mzee Mageni, akamshika mkono.

"Babu, shikamoo. Nakuomba, nyamazisheni."

"Nini? Mwano haunyamazishwi, binti!"

"Ukiendelea atatumbukia! Makelele yanamuumiza, babu. Anayakimbia. Mtazame mwenyewe!"

Filimbi ikalia, Limi akarudi. Mzee Mageni aliona kwa macho yake. Aliinua fimbo juu. Mmoja mmoja wakanyamaza, wanashangaa, maana hawajawahi kuona jambo kama hilo. Ilibaki karasha kule mbali, inanguruma. "Nenda ukaizime," Mzee Mageni alimnong'oneza Mwalimu Sostenes, na mwalimu akatimua mbio na debe lake kwapani.

Karasha ikazimika. Kimya kikawa kizito mpaka watu wakasikia matone ya kwanza ya mvua kwenye majani.

Asteria alizunguka miiba, akakaa chini kwenye udongo imara. Hakumwita. Hakumkazia macho. Alikaa tu, anamwomba Mungu moyoni. Muda ukapita, mvua inaongezeka, ukingo unalowana. Limi akashusha mkono mmoja. Kisha wa pili. Akatambaa taratibu, mpaka akafika na kuegemea bega la dada yake.

"Kelele zimeisha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zimeisha," Asteria alisema, akalia waziwazi mbele ya kijiji kizima.

Kabla hawajafika barabarani, pale alipokuwa amejikunja Limi palimeguka, pakaporomoka shimoni.

Juma lililofuata Mwalimu Agatha, wa elimu maalumu, alikuja kutoka mjini. Alikaa na Limi siku nzima kwenye chumba tulivu, kisha akazungumza na wazazi, walimu na sungusungu.

"Limi hajalogwa, wala hana kiburi," alisema. "Ubongo wake unapokea sauti kwa namna nyingine. Sauti ndogo kwako, kwake ni kipigo. Wako watoto ambao herufi huwachanganya machoni. Wako wanaochelewa kusema. Wako wanaobeba hofu au hasira kubwa kuliko umri wao. Wote wanaweza kujifunza, ila si wote kwa njia moja. Sisi tukimwona mtoto hafuati, tunaongeza sauti na fimbo. Mngempoteza huyu huku mnamtafuta, ndugu zangu. Mtoto asipokuitikia, kwanza uliza kinachomzuia."

Mama alijifuta machozi kwa kanga. Mzee Mageni alitikisa kichwa polepole.

Mwalimu Sostenes alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. "Darasani kwangu kuna Mwamvua," alisema mwishowe. "Amerudia darasa, na kila siku namwambia ni mvivu. Leo asubuhi nimemchapa."

Akainuka, akatoka kwenda kumtafuta.