Aitwe Mara Moja

Aliyeitwa alikuwa mzee Fanueli, lakini aliyeitika "Abee" alikuwa mwanamke. Watu barazani mwa zahanati wakacheka, wakidhani kuna anayemtania mzee wa watu. Ila sauti ilitoka nje, kwenye ukungu, na huko hapakuwa na mtu.

Asubuhi hiyo Stephano, mganga mfawidhi, alikuwa amebandika mwongozo mpya. Kipengele kimoja alikitunga mwenyewe ili kupunguza kelele: mgonjwa aitwe mara moja tu, asipoitika apitwe.

"Kirekebishe, daktari," nesi Rahabu alimnong'oneza. "Huku mtu akiitwa mara moja hafungui mdomo. Majini ndiyo huita mara moja, nayo ndiyo huitika."

Stephano, mzaliwa wa hapo Mgwashi, alilijua hilo tangu utotoni. Lakini cheo kilishamlevya. "Hapa ni zahanati, dada, si kilingeni."

Mchana ukungu ulipanda hadi barazani, hata mabenchi hayakuonekana. Zamu ya mke wa Stephano, mwenye mimba pevu, ikafika.

"Eliza Zabron!" Stephano akaita, mara moja tu.

"Abee."

Akaingia mwanamke aliyejitanda kanga hadi usoni, akajilaza kitandani. Alinuka majani yaliyooza.

"Unasikia baridi, mama Mika?" Stephano akamuuliza, akidhani ni mkewe.

Akaweka kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo lake, asisikie kitu, akakisogeza, akainama zaidi, na vidole vyenye ubaridi wa maji ya mtoni vikamshika shingo taratibu, vikimkandamizia sikio pale pale.

"Baba Mika," mtu akaita mlangoni, "mbona hurudii kuniita? Tumbo limekuwa jepesi ghafla."

Alikuwa Eliza. Kitandani palibaki shuka lililolowa.

Stephano akakimbilia mwongozo, akafuta "moja", akaandika "tatu", kisha akasimama mbele ya mkewe akamwita mara tatu, naye akaitika, akajilaza, na kipembe kikatembea juu ya tumbo lake kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, Rahabu akiomba chinichini, Stephano akibana pumzi ili asikie moyo wa mwanawe.

Kimya.

Ndipo nje, ndani ya ukungu, kichanga kikalia.

"Nyamaza, mwanangu," mwanamke akakibembeleza, akienda zake.