Mkiani mwa Grafu

Ukumbi wa simu za dharura ulikuwa unavuma kama mzinga siku fundi wa grafu alipopanda ngazi kutundika skrini juu ya meza ya mpokea simu mmoja, binti wa gauni la zambarau na heleni ndefu. Bisibisi ikamponyoka, ikatua mapajani pa binti.

"Kaka, kama unataka kuniua, ngoja kwanza nimalize simu hii."

Alishuka akiomba radhi, jasho limelowesha shati lake la drafti. Jioni akamweleza mistari ya kwenye skrini.

"Huu ni wa persentaili. Katika kila simu mia, tisini na tano zinajibiwa kabla dakika haijaisha."

"Na zile tano?"

"Huo ni mkia wa grafu tu, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Na huo mkia wako una watu, wanavuja damu."

Wakapendana hivyo hivyo, kwa kubishana. Lakini jamaa alikuwa na tabia ya kutotokea walipoahidiana, na kila akigombezwa alileta hesabu: "Mara tisini na tano kwa mia nafika, malkia wangu. Unataka nini tena?"

Mama yake binti alipofanyiwa upasuaji, fundi hakutokea.

"Ni siku moja tu, malkia."

"Sawa," binti akasema.

Tangu hapo hakulalamika tena. Hakupiga hata kuuliza yuko wapi. Fundi akawaringia wenzake kwamba kwake kumetulia, raha mustarehe.

Asubuhi moja ya mvua, ukumbi ukanyamaza. Skrini ilisoma mia kwa mia, kijani kitupu. Wakubwa wakapongezana, hadi mzee mmoja alipoingia amelowa chapachapa, akifoka kwamba amepiga mpaka amechoka, simu haiiti. Laini za ukumbi zilikuwa zimekatika. Hakuna simu iliyoingia, basi hakuna iliyokosa kujibiwa. Na fomula, aliyoiandika fundi mwenyewe, ikauhesabu ukimya ule kuwa ushindi.

Fundi alikitazama kile kijani. Akaenda koridoni, akampigia binti kwa simu yake ya mkononi, aliyekuwa likizo akimuuguza mama.

"Malkia, mbona siku hizi hunigombezi?"

"Nigombeze nini? Hugombezwa mtu anayengojwa."

"Na mimi je?"

"Nilikungoja mlangoni pa chumba cha upasuaji mpaka wakamtoa mama. Nilipoondoka pale, nilikuwa nimeshamaliza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisema sawa."

"Nakuja sasa hivi."

"Usije. Mama ndiyo kwanza amepata usingizi."

Simu ikakatika. Wakubwa walikuwa wanamwita kwa hasira ukumbini. Hakugeuka. Simu ilibaki sikioni mwake, naye akiusikiliza ukimya.