Kiti cha Osmund Haugen

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kuuza viti vya mawindo, huwa nawaambia magoti. Ni uongo. Magoti yangu ni mazima. Leo nitasema ilivyokuwa, na asiyetaka kuamini asiamini. Mimi mwenyewe ningependa sana kutoamini.

Duka langu lilikuwa kando ya barabara kuu, huku kaskazini mwa jimbo la Wiskonsin, Marekani, na kwa miaka ishirini na miwili niliuza kitu kimoja tu: mahali pa kukaa. Bunduki walinunua kwingine. Kwangu walifuata viti vya kufunga mtini na vibanda vya turubai vya kujifichia chini. Nilikuwa na hotuba yangu, na wateja walinidhihaki kwa kuitoa pamoja nami. Kulungu hashtushwi na koti lako la rangi ya chungwa, anashtushwa na unavyojikuna. Mtu aliyekaa vibaya hujigeuza, hunyoosha mguu, hukohoa, na nyama imekwenda zake. Starehe kwanza, mengine baadaye.

Mteja mmoja tu alinishinda, naye alikuwa kaka yangu Verlin. Miaka kumi na mmoja kabla ya haya gogo lilimwangukia mgongoni kazini msituni, na tangu hapo hakuweza kukaa dakika ishirini bila kuuma meno. Alilala sakafuni. Alikula amesimama, ameegemea friji. Mwaka wa mkasa huu daktari alimwambia kwamba baada ya Krismasi angepasuliwa, na huenda asitembee tena. Akaja dukani akasema anataka msimu mmoja wa mwisho wa kuwinda kulungu, siku zote tisa.

"Nipe kitu cha kukalia, Milo," alisema. "Nimechoka kuishi nimesimama kama mlingoti."

"Tutapata, kaka. We niachie mimi."

Tulijaribu kila kitu. Kwenye kibanda cha turubai, kiti cha kukunja kilimpandisha magoti mpaka kifuani, akatoka anatambaa. Kiti cha ngazi chenye godoro nene alikivumilia robo saa. Kile cha wavu, kinachokukumbatia kama machela, tulimtoa watu wawili huku akitukana ukoo wetu wote, na yeye akiwemo. Mkewe, Arlys, alisimama chini ya mti amefumbata mikono.

"Shemeji," aliniambia, "usimpe matumaini kama huna cha kumpa."

Iliniuma, maana alisema kweli. Usiku ule sikulala, na alfajiri nikakumbuka kiti cha marehemu Osmund Haugen.

Kila mwindaji wa kwetu alikijua. Osmund alikiunda mwenyewe kutokana na kiti cha trekta la zamani, akakijaza manyoya ya kondoo, akakivika ngozi laini na kukifunga kwa minyororo kwenye msonobari. Niliwahi kukikalia mara moja yeye akiwa hai, na mimi niliyeuza viti maisha yangu yote sikutaka kuinuka. Miaka minne kabla ya hapo Osmund alipanda siku ya kufungua msimu na hakurudi. Walimkuta siku ya tatu. Alikuwa amekaa, bunduki mapajani, anatabasamu.

Sasa, huku kwetu kiti cha mwindaji aliyefariki hakiguswi. Huachwa mtini mpaka mti wenyewe ukiangushe. Ukitembea msituni utaviona, mbao zimeoza, minyororo imemezwa na magome, na hakuna mtoto wa kwetu anayethubutu kupanda. Nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikaenda kwa mjane wake, Signe, hata hivyo.

"Hakiuzwi," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Mama Haugen, ni kwa ajili ya Verlin. Mgongo wake..."

"Mgongo wake naujua. Mume wangu bado hajashuka."

Nilidhani ni majonzi ya kizee. Jumapili, yeye akiwa kanisani, nilikwenda na spana na mkasi wa kukatia minyororo, nikakiiba. Ndiyo, nilikiiba. Kilikuwa kizito kuliko kilivyopaswa. Nilikibeba mpaka kwenye pikapu nikihema, na pikapu ikainama upande mmoja, kana kwamba nimempakia mtu mzima.

Nilikifunga kwenye mwaloni nyuma ya nyumba ya Verlin, ngazi ya vidato kumi na vinne, nafasi nzuri ya kupiga. Jumamosi alipanda kabla ya mapambazuko. Nilibaki jikoni na Arlys, tukisubiri atupigie simu tumshushe. Saa nne asubuhi, kimya. Saa saba mchana, kimya. Jua lilipozama alishuka mwenyewe, akaingia ndani, akavuta kiti cha mezani na kukaa. Arlys aliachia sufuria. Alilia, nami nikalia, tukala soseji za kulungu za mwaka jana wote watatu tumekaa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja.

"Sijasikia hata chembe ya maumivu," Verlin alisema. "Wametokea kulungu saba. Sikupiga. Nilikuwa nimekaa vizuri mno."

Jumapili alisahau kurudi kula. Aliporudi jioni alisema mgongo wake unapata joto, kama vile mtu amekaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo. Alicheka aliposema hivyo. Mimi nilicheka pia, lakini nyuma ya kiti kile kulikuwa na shina la mti tu.

Jumatatu giza lilianza kuingia na hakuonekana. Theluji ilikuwa imeanguka tangu mchana. Arlys alinisukuma mlangoni kabla sijamaliza kufunga viatu.

"Kamlete, shemeji. Tafadhali. Kamlete."

Nilikimbia. Chini ya mwaloni kulikuwa na kulungu kumi na mmoja. Hawakunikimbia. Walikuwa wamesimama duara, wametazama juu.

Nilipita katikati yao. Nikapanda.

Verlin alikuwa amekaa, macho wazi. Theluji ilikuwa imetua kwenye mapaja yake, na haikuyeyuka.

"Kaka. Shuka."

"Sema polepole," alinong'ona. "Mzee anaomba."

"Mzee gani?"

"Wa nyuma. Amechoka kukaa. Anasema tupokezane."

"Usikubali! Verlin, usikubali!"

"Milo," alisema, na machozi yalimtoka, "hauumi. Hauumi kabisa."

Nilimshika makwapani nikavuta. Hakusogea. Mkanda wa usalama haukuwa umefungwa, hakuna kilichomshika, na hakusogea hata unywele. Nilivuta tena. Nilimwita Mungu. Nilimwita mama yetu. Nilitaja jina lolote lililonijia.

Ghafla akawa mwepesi.

Aliinuka peke yake. Akashuka vidato vyote kumi na vinne bila kuguna. Chini alijinyoosha mpaka mifupa ikalia, akavuta hewa. Kulungu hawakumtazama. Bado walikuwa wametazama juu.

Sikulijali hilo wakati ule. Nilikuwa na furaha ya mwendawazimu. Nilimshika mkono hadi nyumbani, nikamkalisha karibu na jiko, Arlys akamfunika blanketi na kumpa kahawa. Verlin alichukua donge la sukari, akalibana kwa meno ya mbele, akainywa kahawa ikipitia hapo. Kaka yangu hakuwahi kutia sukari kwenye kahawa maisha yake yote. Hivyo walikunywa wazee wa kwetu wa zamani.

Akamtazama Arlys kwa upole mkubwa.

"Asante, binti. Wewe ni mtoto wa nani?"

Arlys alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Signe atakuwa na wasiwasi," alisema yule mtu. Akalikunja blanketi vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Alitembea maili mbili kwenye theluji, mgongo umenyooka kama ubao, nami nikimfuata kwa pikapu nikimsihi kupitia dirishani. Signe alifungua mlango kabla hajagonga. Aliutazama uso wa kaka yangu kwa muda mrefu.

"Vua viatu," alimwambia. "Umejaa theluji."

Alipopita ndani nilipiga magoti pale barazani. Nilimwomba mama yule amrudishe Verlin, yeye na Osmund wakae tena wabadilishane, nitafanya chochote.

Sauti ilitoka sebuleni, sauti ya Verlin, maneno si yake. "Nimekaa miaka minne, kijana. Kule juu hakuna baridi, hakuna njaa, hakuna kitu. Sirudi."

"Nilikwambia hakiuzwi," Signe alisema. Alikuwa analia. Hata hivyo, alifunga mlango.

Niliyemshusha hakuwa kaka yangu. Kaka yangu nilikuwa nimemwacha juu.

Alfajiri nilirudi kwenye mwaloni, Arlys nyuma yangu amevaa koti la Verlin. Theluji ya usiku ilikuwa imefunika ngazi, matawi na jukwaa la kuwekea miguu. Kiti kilikuwa kikavu. Niliweka kiganja. Kilikuwa na joto.

Nilijifunga mkanda wa usalama, maana nilijua nilichokuja kufanya. Nikakaa. Nasema kweli, ilikuwa raha. Mwili wote ulilegea, na nyuma yangu nikasikia mgongo mwingine ukiegemea wangu, mpana, wenye joto, unapumua.

"Verlin," nilinong'ona. "Tupokezane. Shuka wewe. Arlys yuko chini."

Pumzi ilisimama.

"Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekileta. Shuka, kaka."

Nilisukumwa. Viganja viwili, katikati ya mabega, kwa nguvu zote za mtu aliyewahi kubeba magogo. Niliruka kutoka kwenye kiti nikaning'inia kwenye mkanda kama kulungu aliyetundikwa, na Arlys akapiga yowe. Nikapanda tena. Nikasukumwa tena. Siku zote za msimu zilizobaki nilipanda, nikamsihi, nikamtukana, na kila mara alinitoa. Siku ya tisa hapakuwa na mgongo wa kuegemea. Kiti kilikuwa baridi, na theluji imekijaa; Verlin alikuwa ameondoka, nami sijui kwenda wapi.

Jioni ile Arlys alinivua shati ili anipake dawa. Aliiweka chini chupa ya dawa kabla hajaifungua. Akaleta kioo.

Alama zipo hadi leo, nyeusi, haziumi. Kiganja cha kulia kina vidole vitano. Cha kushoto kina vitatu. Viwili Verlin aliviacha kwenye msumeno wa kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa, siku aliponisukuma mimi pembeni nisikatwe.