Aliyegonga Mara Mbili

Mimi siogopi kitu. Shule niliacha darasa la saba kwa sababu mwalimu ndiye alianza kuniogopa. Na pale kiwanda cha chakula cha ng'ombe, Kitengela, mwaka wa 2004, hakuna mtu alikuwa anapanda mnara wa mashine ya ndoo akipiga mluzi, isipokuwa mimi, Musila. Uliza yeyote.

Mashine yenyewe ni rahisi, hata wewe ungeielewa. Cheni ndefu imefungwa ndoo za chuma. Ndoo zinachota pumba shimoni, zinapanda ndani ya mnara wa mabati, zinamwaga juu, zinarudi tupu.

Jioni hiyo, jua likizama upande wa Ngong, cheni ikakwama. Bosi alitaka iwe imeanza kabla lori la Namanga lifike. Nikatoa fyuzi zote za stima, nikazitia mfukoni. Mwenzangu Ngui akashuka shimoni kutoa pumba zilizogandana. Mimi nikaenda juu kuzungusha gurudumu kwa mkono. Huko hamuonani, kwa hivyo mnaongea kwa nyundo kwenye mabati. Wa chini akigonga mara moja, simama. Akigonga mbili, zungusha.

"Usinichezee huko juu," Ngui aliniambia akishuka. "Huu mkono unalisha watoto watatu."

Nikamwambia mkono mbaya hivyo hata cheni itautema.

Sasa, kuna mambo ya Ndulu, mfanyakazi mwenzetu. Alikufa humo shimoni miaka miwili kabla ya hapo. Macharia, aliyekuwa juu siku hiyo, aliapa kwamba aligongewa mara mbili, ndipo akazungusha. Wengine walinong'ona eti tajiri alitoa kafara ili kiwanda kinone. Mimi nilimchekelea Macharia mpaka akaacha kazi.

Nikafika juu. Nikangoja.

Kng. Kng.

Nikazungusha.

Kng.

Nikasimama.

Kimya... Upepo ukakata. Harufu ikapanda ndani ya mnara, molasi iliyooza, na nyuma yake harufu ya nywele zilizoungua.

Kng. Kng.

Nikashika hendeli. Halafu nikaiachilia. Ile nyundo ilikuwa inagongwa polepole, kama mtu anayebembeleza. Na haikuwa inatoka shimoni. Ilikuwa ndani ya mabati, karibu na magoti yangu.

"Ngui?" nikanong'ona.

Kng. Kng.

Karibu na sikio langu.

Nilishuka ile ngazi sijui vipi. Nilikuta nyundo ya Ngui juu ya ukingo wa shimo, kavu, haina hata pumba moja. Alikuwa ameisahau. Hakuwa ameshuka nayo kabisa.

Yeye mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi huko chini, amezimia, mkono wa kulia ndani ya mashine mpaka begani.

Nikaruka ndani, nikamshika kiuno.

Cheni ikasonga.

Ndoo moja... Ya pili... Fyuzi zilikuwa mfukoni mwangu, nilizisikia kwenye paja, baridi kama barafu. Na huko juu, nilikotoka sasa hivi, gurudumu lilikuwa linalia, na mtu alikuwa anahema akilizungusha.

Nikavuta. Shati likararuka. Mfupa ukalia. Nikavuta tena, mkono ukatoka. Vidole viwili vilibaki humo.

Hospitalini daktari aliniambia pumba zikichacha hutoa hewa mbaya, ndiyo maana Ngui alizimia. Sawa, nimekubali. Na cheni je, ilisukumwa na hewa? Daktari akaandika kitu.

Siku ya tatu Ngui akafungua macho. Akaniita karibu na mto wa kitanda.

"Mbona uliniambia niingize mkono mpaka ndani?"

Nikamwambia mimi nilikuwa juu ya mnara.

"Ulikuwa na mimi shimoni, Musila. Ulinishikia tochi. Na ulikuwa unacheka."

Mpaka leo tunaishi ploti moja ya kupanga, mlango wake na wangu imetenganishwa na kamba ya nguo. Haniambii kitu kibaya. Watoto wake wananiita anko. Lakini nikiwa nje na watu, nikicheka, namsikia akifunga mlango wake kwa ndani, komeo la juu kwanza, halafu la chini, polepole, kwa vidole vitatu.