Mkanda wa Madalali, Sehemu ya Pili

Siku ile mjinga alikuwa Obadia. Mwenyewe amekwisha kukiri mbele ya kanisa zima pale Ilongero, kwa hiyo, ndugu wasomaji, huku si kusengenya.

Mwaka huo mambo yalikuwa mazuri nyumbani kwake. Alizeti imeuzwa, uwele umo ghalani, na maksai wawili, Shujaa na Mapambo, wamelala uani wakicheua, wakisubiri mvua za kwanza. Mkewe Raheli alikuwa akipepeta, binti yao Dorkas akiimba. Kama kuna kitu kilichopungua katika mji ule, labda ni umbea.

Ndipo Paskali, mwenye banda la video sokoni, alipoleta mkanda mpya kutoka Singida mjini. Ulikuwa mchezo wa kuigiza juu ya madalali wa hisa wa jijini, nao, kama ilivyo desturi ya wauza mikanda, ulitoka vipande viwili: sehemu ya kwanza leo, ya pili mtaisubiri mpaka roho ziwatoke. Jenereta likawashwa, deki ikaumeza mkanda, Obadia akakaa benchi la mbele. Akaona madalali wenye suti wakiuza karatasi, watu wakipanga foleni, magari, nyumba za ghorofa. Dalali mmoja, kila akiandika stakabadhi, alikuwa anakonyeza. Obadia alidhani ana jicho bovu. Sherehe ikapamba moto, likatokea neno "Itaendelea", na mzee wetu akatoka bandani ameshiba utajiri.

Wiki tatu hazijapita, akaja Calist. Kijana mwenye adabu, shikamoo haimkauki mdomoni, tai shingoni kwenye jua la saa saba. Alieleza kuwa serikali inauza mashirika yake na mwananchi wa kawaida anaweza kununua hisa. Hilo lilikuwa kweli, hata redio ilikuwa ikilisema, na ugumu ulikuwa hapo hapo. Ambalo redio haikulisema ni kwamba hisa hizo zinauzwa na kijana aliyepanga chumba gesti, na kwamba hata mifugo inapokelewa. Simeoni, jirani yao, alitoa mbuzi wanane akapewa karatasi yenye mhuri wa bluu. Obadia hakutaka kuachwa nyuma, akaahidi maksai wote wawili. Lori lije Jumamosi.

Raheli alimuuliza watalimia nini. Akajibiwa kuwa watu wenye hisa hawalimi, wanakodi trekta. Akauliza trekta iko wapi. Akajibiwa kuwa wanawake wanapenda maswali. Akarudi kupepeta, lakini moyo haukutulia, maana aliujua mwaka wa jembe la mkono: mgongo unauma mpaka mavuno, na mavuno yenyewe hayafiki Krismasi.

Ijumaa akapeleka mayai sokoni, akamkuta Paskali amenuna nje ya banda lililofungwa. Sehemu ya pili ilikuwa imefika tangu Jumatatu, Paskali alilalamika, ila Calist ameikodi wiki nzima na kuondoka nayo, akalipia viti vyote kana kwamba vimejaa. Raheli akawaza njia nzima. Gesti anayolala Calist haina televisheni. Haina hata umeme, wageni wanapewa koroboi. Mtu asiye na deki anakodi mkanda wa nini?

Hakumwambia mumewe. Alijua angejibiwa habari za trekta.

Jumamosi lori likaja. Calist akaamkia, Raheli akamkaribisha uji, akaketi karibu naye kwa heshima zote.

"Mwanangu, nasikia ule mkanda unao wewe. Unaishaje?"

"Vizuri sana, mama. Wote wanatajirika."

"Afadhali. Basi mrudishie Paskali mchana huu, watu wauone. Ukiisha tu, mimi mwenyewe nitawaswaga maksai mpaka kwenye lori."

Calist akasema kwa bahati mbaya mkanda umekwama kwenye deki.

"Deki ipi, mwanangu?"

Kijana akautazama uji. Obadia alikuwa amesimama pembeni na kamba ya Shujaa mkononi, tayari kuikabidhi. Akamtazama mkewe, akamtazama Calist, kisha akaizungusha ile kamba mkononi mara mbili, akaikaza.

"Nitasubiri sehemu ya pili," akasema.

Ghafla Calist akakumbuka kuwa anasubiriwa Nduguti. Lori likaondoka tupu, na yeye hakuonekana tena. Pale gesti waliokota mkanda chini ya godoro.

Jumapili, baada ya ibada, banda lilijaa mpaka watu wakasimama. Katika sehemu ya pili madalali walikuwa uwanja wa ndege na masanduku yao, na mama mmoja mzee alikuwa akigonga mlango wa ofisi iliyohamwa, stakabadhi zake amezifunga kwenye pindo la khanga. Hakuna aliyecheka. Simeoni alitoka kabla haujaisha. Taarifa ilipelekwa polisi, lakini mbuzi wake wanane hawakurudi.

Jumapili iliyofuata Obadia alisimama kanisani na debe la uwele, sadaka ya shukrani. Alikiri ujinga wake wote, hata ile habari ya trekta, kisha akamshukuru Mungu kwa mvua iliyoanza kunukia, kwa maksai walio zizini, na kwa mke aliyempa. Sauti moja kutoka nyuma ikauliza kama na trekta inashukuriwa. Kanisa likacheka, Obadia akacheka kuliko wote huku machozi yakimtoka. Na mvua ziliponyesha, shamba la kwanza alilolima kwa maksai wale halikuwa lake. Lilikuwa la Simeoni, na hakutaka malipo, hata chai.

FUNZO

Ndugu zangu, soko huria limefungua milango, na wanaoingia si wote wana heri. Kununua hisa si dhambi. Kununua usichokielewa, kwa sababu tu muuzaji amefunga tai, hiyo ndiyo hasara. Kabla hujatoa kinacholisha nyumba yako, lifuatilie jambo mpaka mwisho wake, kaulize ofisi inayohusika, wala usimdharau mwenzako wa nyumbani akikuuliza swali. Na aliyeokolewa ashukuru kwa mdomo, kisha ashukuru kwa mikono.

Obadia anayakubali yote hayo isipokuwa jambo moja. Mpaka leo anabisha kuwa kosa lilikuwa la waliotoa mkanda. Wangeutoa mzima, anasema, asingedanganyika, maana mtu ataionaje hatari kwa nusu ya habari? Juzi alilirudia mbele ya wageni, bakuli la mlenda mbele yake.

"Baba Dorkas," Raheli akamjibu, "mimi sijaona hata hiyo nusu."