Mstari Ambao Zaina Hakuuchora

Kila asubuhi, kabla hajamaliza kufunga vifungo vya sare yake, Zaina alikuwa ameshatumwa mara tatu. "Zaina, rudisha kinu kwa Nadège!" "Zaina, kaombe pasi ya mkaa nyumba ya mwisho!" "Zaina, sufuria yangu kubwa ilienda wapi?" Katika avenyu yao ndogo, kwenye komini ya Tshopo, hakuna nyumba iliyokuwa na kila kitu. Hii ilikuwa na kinu, ile ina pasi, nyingine ina sufuria ya sherehe, na vyote hivyo vilizunguka kwa miguu ya msichana mmoja wa miaka kumi na miwili. Zaina alinung'unika, kama unavyojua watoto, lakini moyoni aliipenda kazi ile. Alijua nani ana nini, na kimelala kwa nani.

Kwa hiyo mwalimu Timothée alipowapa kazi ya kuchora mtandao, Zaina hakupata taabu. Mwalimu alichora nukta ubaoni, akaziunganisha kwa mistari.

"Mtandao ni huu tu," alisema. "Nukta ni vitu au watu. Mstari ni kinachowaunganisha. Wahandisi huchora hivi, wataalamu wa wanyama huchora hivi, hata madaktari. Bon, kila mmoja aniletee wake."

Carlos alileta nyaya za umeme, kutoka bwawa la mto Tshopo mpaka nguzo za mtaani, akaonyesha nguzo moja ambayo ikianguka, avenyu tatu zinalala gizani. Moussa alichora samaki wa mtoni: nani anamla nani, mpaka kwenye sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, nyumbani kwao, na darasa zima likacheka. Zaina alichora nyumba kumi na tisa na vitu vinavyoazimwa kati yake. Mistari ishirini na mitatu! Mwalimu aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu, kisha akaubandika ukutani, juu ya michoro yote. Zaina alirudi kwenye dawati kichwa kimemvimba kwa sifa.

Ila mistari ilipaswa kuwa ishirini na minne, na hilo alilijua yeye peke yake. Siku chache kabla ya hapo, rafiki yake Chantal alimlilia kwamba hana kitenge cha kuvaa kwenye kwaya Jumapili. Zaina alifungua sanduku la mama yake, Mama Khadija, akatoa kitenge kipya kabisa, bado kigumu na chenye harufu ya duka, akamwazima bila kumwambia mtu. Jumatatu Chantal alikirudisha kimekunjwa vizuri.

"Noël alitetemeka baridi usiku," Chantal alisema. Noël alikuwa mdogo wake wa miaka minne. "Nilimfunika nacho kidogo. Nikifue?"

"Thubutu!" Zaina aliruka. "Kikifuliwa kitalegea, na mama atajua. Nipe hivyo hivyo."

Akakirudisha sandukuni. Siri ikalala, na yeye akalala usingizi mzuri.

Usingizi ule haukudumu. Ijumaa habari ilienea avenyu nzima: Noël alikuwa na mpox. Vipele vilikuwa vimejaa mikononi na usoni, na yeye, Chantal na mama yao walikuwa wamepelekwa kituo cha afya. Jumatatu, katikati ya somo la Kifaransa, Maman Hélène aliingia darasani. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mama mnene mwenye daftari kwapani, na watu wote walimheshimu.

"Mwalimu, wameniambia uko na mchoro ya avenyu yetu," alisema. "Watu nimewauliza nani alitembelea nani. Lakini mpox haipiti kwa ngozi tu. Nguo na shuka ya mugonjwa nazo zinabeba. Nataka kujua vitu vilipita wapi."

Mwalimu alimwonyesha ukutani. Maman Hélène alifuata mistari kwa kidole, polepole.

"Nani alichora?"

"Mimi, Maman." Zaina alisimama. 

"Mutoto yangu, umefanya kazi ya watu wakubwa. Sasa niambie vizuri. Hii yote iko kweli? Hakuna kitu uliacha?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa limefika kooni. Lakini wenzake arobaini walikuwa wanamtazama, mwalimu alikuwa anatabasamu kwa fahari, na mchoro wake ulikuwa juu ya michoro yote. 

"Yote, Maman," alisema.

"Bon. Kwa kina Chantal mistari inafika toka nyumba tatu tu. Nyumba yenu haina mstari na yao. Nitaanza na hizo tatu, kwenu nitapita kesho kutwa."

Akaondoka. Zaina hakusikia tena neno moja la Kifaransa. Alijipangia mambo kichwani: akifika nyumbani atakitoa kitenge kile, atakichemsha, atakianika, na kama mama atagomba basi agombe. Kengele ilipolia alitoka mbio hata hakumngoja mtu. Alikata njia nyuma ya soko, nusura agongwe na toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akafika kwao akihema.

Sanduku lilikuwa wazi. Kitenge hakikuwemo!

Baba yake, Papa Yunus, alikuwa uani kwenye cherehani yake. "Papa, Mama yuko wapi? Liputa yake mpya, kile kitenge, iko wapi?"

"Amekwenda kwa Nadège," Papa Yunus alijibu bila kuinua macho. "Si ulijua? Aliinunua kwa ajili ya mutoto wa Nadège. Amesema leo anamfunika mwenyewe."

Jamani!  Nadège alikuwa amengoja mtoto miaka sita, avenyu nzima ikimwombea, na sasa alikuwa na kichanga cha siku nane. Zaina alizipita mbio nyumba tano zilizowatenga na Nadège, kama mtu anayefukuzwa.

Alipofika mlangoni alikuta vigelegele. Mama Khadija alikuwa amekaa kitandani kando ya Nadège, na majirani wawili wamesimama mbele yao. Mtoto alikuwa amefunikwa kitenge mpaka kidevuni. Jirani mmoja alikuwa anamnyooshea mikono ampokee.

"Usimshike!" Zaina alipiga kelele. "Mfunueni! Mfunueni jamani!"

Vigelegele vilikatika. "Zaina, una wazimu?" mama yake aliuliza.

Zaina alitetemeka. Angeweza bado kudanganya, angeweza kusema ameona mdudu. Lakini alimwona mtoto yule anafumba na kufumbua kinywa juu ya nguo ile, na aibu yake yote ikaonekana kitu kidogo. Akasema. Alisema kuhusu kwaya, kuhusu Noël aliyefunikwa usiku, kuhusu "thubutu, usikifue", na mwisho kabisa akasema kwamba asubuhi ile ile Maman Hélène alimuuliza mbele ya darasa, naye akajibu uongo.

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga. Nadège alimfunua mtoto wake, akamtazama Zaina mara moja tu, kisha akageukia ukuta. Mama Khadija alisema kwa sauti ndogo, "Kamwite Hélène. Kimbia."

Maman Hélène alikuwa katika nyumba ya pili kati ya zile tatu. Alikuja na glavu na mfuko wa plastiki. Kitenge kilitiwa mfukoni kikachemshwe, mtoto akaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na kila mmoja akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha alifungua daftari, akachora nukta mbele ya Zaina: mtoto, Nadège, Mama Khadija, majirani wawili, na Zaina mwenyewe.

"Hesabu," alisema.

"Sita, Maman."

"Mstari moja uliacha. Watu sita. Na mimi nilikuwa naenda kuwafikia kesho kutwa, kwa sababu niliamini karatasi yako." Hakupandisha sauti. "Donc, siku makumi mbili na moja. Kila asubuhi nitapita na kipima joto. Hakuna kutembeatembea, hakuna kuazimana kitu."

Siku hizo zilikuwa ndefu, wacha nikwambie. Zaina hakwenda shule. Kila asubuhi alikaa dirishani akimngoja Maman Hélène atoke kwa Nadège, na kabla mama huyo hajafika mlangoni kwao, Zaina alikuwa ameshausoma uso wake. Siku ya tano, hakuna kitu. Siku ya nane, hakuna kitu. Siku ya tisa Maman Hélène alitoka kwa Nadège haraka, hakupita kwao, akapanda toleka kwenda kituo cha afya kumleta daktari. Mtoto alikuwa na joto.

Zaina hakula siku hiyo. Alijifungia chumbani akajichunguza mikono, akatamani vipele vimtokee yeye, hata mia, mradi mtoto yule asitokwe na hata kimoja. Mama yake aliingia, akakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamshika bega.

"Mama, akifa?"

"Sijui, mwanangu," Mama Khadija alisema. "Tungoje tu."

Jioni Maman Hélène alifika kwao kutoka kwa Nadège, amechoka. Daktari alikuwa amempima mtoto mara mbili, akamtazama kichwa hadi vidole. Hakukuwa na vipele. Nadège kwa woga alikuwa amemfunika mtoto nguo tatu nzito na kufunga dirisha, na joto lile lilishuka alipofunuliwa. Mama Khadija alilia kwa nguvu, na Zaina akalia kuliko yeye.

Siku zilizobaki zilikwisha moja moja. Asubuhi ya ishirini na mbili Maman Hélène alifunga daftari. Wote sita walikuwa wazima, na Noël naye alikuwa amepona na kurudi nyumbani. Saa ile ile Nadège alisimama mlangoni kwa kina Zaina, mtoto begani. Zaina alitaka kujificha nyuma ya cherehani ya baba yake.

"Njoo hapa," Nadège alisema. "Nimekukasirikia siku makumi mbili na moja, na sitaki kwenda nazo mbali zaidi. Nisikilize vizuri. Kuchukua liputa ya mama yako ilikuwa kosa, lakini kosa lile ningelisahau jioni hiyo hiyo. Hata kukataa isifuliwe, ulikuwa hujui. Kilichomfikia mwanangu ni lile neno 'yote'. Hélène alikuuliza wakati bado kuna nafasi ya kumkinga, na wewe ulichagua kusifiwa. Watu wakiamini unachowaambia, wanaweka maisha yao juu yake. Ukitaka kuficha, ficha kitu ambacho hakitamuumiza mtu. Na ukiulizwa, sema, hata kama sauti inatetemeka, kama ulivyosema pale mlangoni kwangu."

"Nimesikia, Nadège. Unisamehe," Zaina alisema, machozi yakimtiririka.

"Ungechelewa hata saa moja zaidi, wote waliokuwa waje jioni ile wangembeba. Walikuwa kumi na tano." Nadège alimshusha mtoto begani. "Unataka kumshika?"

Zaina aliinua mikono, kisha akaishusha haraka.

"Ngoja," alisema. "Ninawe kwanza."